Sheria Haikuitaja Mashine Yako

Mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga, pembeni mwa barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, aliwahi kuniuliza swali ambalo nimetembea nalo miaka mingi. Nilimkuta ameketi nje, nyusi zimejaa unga, mkononi ana nakala ya sheria aliyopewa kwenye semina. "Nimesoma ukurasa kwa ukurasa," akasema. "Humu hawajaniandika. Wameandika viwanda. Mimi nina mashine moja, mkanda mmoja na kijana mmoja." Kijana mwenyewe akatoka ndani kutusalimia. Akainama kidogo, akapiga makofi kama desturi ya Buha inavyomtaka kijana mbele ya wakubwa, na makofi yale yakatoka makavu, hayakujaa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu.

Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia sheria inamhusu, akanitazama kama anavyomtazama mtoza ushuru, tukaagana. Jibu lenyewe ni refu kuliko hilo, na nimelipata kwa kukosea mara nyingi mbele ya mafundi na vibarua wa Kasulu, Kibondo na vijiji vilivyo katikati. Nawaandikia nyinyi wenye mashine, wasimamizi wa saiti na wakulima wa tumbaku, na zaidi nyinyi mnaozifanya kazi hizo kwa mikono yenu.

Mzee hakuwa amekosea kabisa. Sheria iliyotawala mambo haya tangu 1950, enzi za Mwingereza, ilikuwa sheria ya viwanda, na neno hilo limeganda vichwani. Ukitaja usalama kazini, mtu wa huku anaona bomba refu linalotoa moshi, kitu ambacho amekiona kwenye picha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, iliifuta ile ya zamani, na inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA. Jina tu linakuonyesha kilichobadilika: kutoka kiwandani tumekwenda mahali pa kazi, popote pale mtu anapofanyia kazi. Na ile aya ndefu ya mwanzo, ambayo wengi huiruka, inaongeza kundi ambalo mzee hakulifikiria: watu wasio kazini lakini wanaoweza kuumizwa na kazi ya wenzao. Kwenye mashine ya kusaga hao ni akina mama waliopanga foleni na ndoo za mahindi, watoto mgongoni.

Kutoka "inanihusu" hadi "inanitaka nifanye nini" bado kuna mwendo. Hakuna aliyekaa Dodoma akaandika kifungu cha mkanda wa mzee yule, kingine cha kisima cha jirani yake, na kingine cha bani la kukaushia tumbaku la Kibondo. Sheria huandikwa kwa maneno mapana ili iwakute watu wengi, na upana huo ndio unaowachanganya. Njia niliyoizoea mimi ni kukiuliza kifungu swali moja: unaogopa nini? Kila kanuni ya usalama ina kitu inachokiogopa. Ukishakijua, zunguka sehemu yako ya kazi ukitafuta kitu hicho kimekaa wapi. Mara nyingi utakikuta mahali ambapo mwandishi wa sheria hakuwahi kupawaza.

Tuanze na mashine. Sheria inataka sehemu za hatari za mashine zizibwe. Inaogopa kitu kinachozunguka kisimkamate mtu: kidole, nywele, ncha ya khanga, mkono wa shati. Basi simama mbele ya mashine yako, utazame mahali mkanda unapoingia kwenye puli. Pale ndipo penye mdomo. Upande unaotoka hukusukuma nje. Upande unaoingia humeza. Wenye mashine wengi huniambia, "Mkanda wangu uko nyuma, hakuna anayefika." Hoja hiyo siidharau. Kitu kilicho mbali na mikono ya kila mtu kinaweza kuwa salama sawa na kilichozibwa. Lakini angalia neno hilo: kila mtu. Nani anafagia unga unaomwagika nyuma? Nani anaupaka mkanda dawa usiteleze? Nani anapita huko kuongeza maji kwenye injini? Kijana wa vidole vitatu hakuumia akisaga. Aliumia akifagia, saa kumi na mbili jioni, mashine ikimalizia debe la mwisho la mteja aliyekuwa na haraka.

Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kizuizi cha nondo na wavu kwa siku moja. Matundu ya wavu yasipitishe kidole cha mtoto. Kizuizi kiwe na bawaba, maana kile kinachofunguliwa kwa kuzungusha boliti nane kitafunguliwa mara moja tu na hakitarudi mahali pake. Nimeviona vingi vya namna hiyo, vimeegemezwa ukutani, kuku wanatagia chini yake.

Tangu umeme wa gridi ufike, mashine nyingi zimetoka kwenye dizeli na kwenda kwenye mota, na hatari nayo imehama. Injini ya dizeli huwashwa kwa jasho. Huwezi kuiwasha bila kujua. Mota inawashwa kwa kidole cha mtu aliye upande wa pili wa ukuta, asiyejua kwamba mwenzake ameingiza mkono kutoa pumba zilizoziba. Kwa hiyo maneno "zima kabla ya kusafisha", yaliyotosha zamani, leo yasomwe hivi: zima, na hakikisha hakuna mwingine anayeweza kuwasha. Kifungu hakikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mashine, na usomaji wako nao ubadilike.

Kelele za mashine nazitaja kwa kifupi. Kipimo kinachotumiwa sana ni desibeli 85 kwa siku ya kazi ya saa nane, na hakuna mwenye mashine kijijini aliye na kifaa cha kuzipima. Tumia kipimo cha mdomo: simama hatua mbili kutoka kwa mwenzako. Kama ni lazima upaze sauti akusikie, masikio yenu yanaliwa. Mteja anasimama hapo robo saa na kuondoka. Kijana anakaa kutwa nzima, miaka kumi, na hatashtuka mpaka siku mkewe atakapomwambia kwamba anapiga kelele akiongea.

Kuna maneno mengine ya sheria yanayowababaisha watu: "kadiri inavyowezekana". Mwajiri huyasoma kama msamaha: sina hela, basi haiwezekani. Mfanyakazi huyasoma kama mlango wa nyuma alioachiwa bosi. Maneno haya yana historia, na inafaa kuijua. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mchimba makaa ya mawe aliyeuawa na ukuta wa njia ya mgodini ulioporomoka. Upande wa mgodi ulijitetea kwamba kuegemeza kuta za njia zote kwa mihimili kungekuwa gharama kubwa mno. Jaji Asquith akaeleza kipimo ambacho wanasheria wanakitumia hadi leo: weka hatari upande mmoja wa mizani, na upande wa pili weka fedha, muda na usumbufu wa kuizuia. Mwajiri anasameheka pale tu usumbufu huo unapoizidi hatari kwa mbali mno, na mizani hiyo anatakiwa kuipima kabla ya ajali, asingoje baada yake.

Tazama kitu ambacho hakikuwekwa kwenye mizani: mfuko wa mwajiri. Hatuulizi kama ana fedha. Tunauliza kama kinga inalingana na hatari. Nondo na wavu upande huu, mkono wa mtu upande ule. Hapo hakuna la kujadili. Lakini mizani hiyohiyo inamlinda mzee wetu asidaiwe yasiyo yake. Hawezi kuambiwa afunge mtambo wa kufyonza vumbi kama wa vinu vikubwa vya Dar es Salaam. Anadaiwa madirisha mawili yanayotazamana, mfuko wa kupokelea unga usiotoboka, na barakoa kwa anayekaa humo kutwa. Mkaguzi akimtaka zaidi ya hapo, ana haki ya kuuliza, kwa adabu, zaidi hiyo inazuia nini.

Kwenye ujenzi swali linakuwa jingine. Sheria inamwita mwajiri, na mwajiri hapatikani. Mwenye nyumba yuko Mwanza, anatuma fedha kwa simu. Kazi amempa fundi mkuu, fundi mkuu kampa fundi wa ukuta, na fundi wa ukuta kaja na saidia fundi wawili aliowaokota stendi asubuhi. Mmoja wao akianguka na karai la zege, kila mtu anamwonyesha mwenzake, na mwisho kidole kinamrudia aliyelala chini: "Ni kibarua tu huyo."

Kuna kifungu ninachotaka kila kibarua wa Kasulu akijue kama anavyoijua namba yake ya simu. Ni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Kinasema mtu atadhaniwa kuwa mwajiriwa iwapo hata moja kati ya mambo kadhaa lipo: mwingine ndiye anayemwelekeza namna ya kufanya kazi, mwingine ndiye anayempangia saa, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa naye vitendea kazi, anamfanyia kazi huyo peke yake. Moja linatosha. Na kwa kuwa ni dhana ya kisheria, anayeipinga ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Mpime saidia fundi wetu: koleo si lake, karai si lake, kaambiwa aje saa moja na kaambiwa achanganye mifuko mingapi. Ni mwajiriwa, hata kama jina lake halijaandikwa popote. Mpime na kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kila jioni kwa mwenye pikipiki, halafu uone kama tajiri wake atalala vizuri.

Kwa hiyo wewe uliye Mwanza, kabla ya kutuma fedha za ukuta, taka karatasi moja yenye jibu la swali hili: nani anaamua kwamba jukwaa liko tayari kupandwa? Jina moja, si matatu. Ukisoma kanuni za usalama za sekta ya ujenzi za 2015 utawaza majukwaa ya mabomba ya chuma, na huku kwetu tunapiga jukwaa kwa mirunda ya mikaratusi na misumari. Usiziweke kando kwa sababu hiyo. Kanuni inaogopa mambo mawili: mtu asianguke, na kitu kisimwangukie aliye chini. Mrunda uliotobolewa na wadudu uchomwe moto, usiokolewe kwa kufungwa kamba. Ubao wa kukanyagia uwe zaidi ya mmoja na ufungwe pande zote mbili. Weka ubao wa kiuno. Mafundi huukataa kwa kuwa unawazuia kupokea matofali, na hapo wana hoja. Basi acha wazi sehemu ya kupokelea tu, uzibe iliyobaki.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi kila kiangazi. Karibu kila sheria ya usalama duniani ina masharti kuhusu kuingia mahali palipobana, pasipo na hewa ya kutosha. Mtu wa huku akisikia hivyo anawaza tangi la mafuta bandarini, anafunga kitabu. Hofu ya kanuni ile ni hewa, haijali pahali panaitwaje. Na kwetu, mahali penye hewa mbaya ni kisima.

Kuanzia Juni maji yanashuka, na watu wanaanza kuongeza kina. Pampu ya kuvuta haiwezi kuyanyonya maji kutoka kina cha zaidi ya mita saba au nane hivi, hata ikiwa mpya. Fundi anajua hilo kwa uzoefu, kwa hiyo anafanya kinachoonekana cha busara: anaifunga pampu ya petroli kwa kamba, anaishusha chini karibu na maji, anaiwasha. Injini inatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kisima hakina pa kuitolea. Baada ya dakika kadhaa pampu inazima, au inahitaji kuongezwa mafuta. Fundi anashuka. Anafika chini, magoti yanalegea, anakaa. Walio juu wanadhani ameteleza. Mdogo wake anashuka kumwinua. Naye anakaa. Nimewahi kwenda kwenye msiba wa aina hii, na majeneza hayakuwa moja.

Msidanganyike na kibatari. Wazee walikuwa wakishusha moto kisimani, ukizimika, hawashuki. Ni mila nzuri, iendelee, kwa sababu moto ukizimika unakuonya kwamba oksijeni imepungua. Lakini kaboni monoksaidi haizimi kibatari. Moto unaweza kuwaka vizuri na mtu akafa kando yake.

Kwa mwenye kisima, basi, sharti la kwanza ni kwamba injini yoyote inayochoma mafuta haishuki shimoni, kamwe. Kama umeme upo, tumia pampu ya kuzamisha. Kama haupo, ni ndoo na roda, hata ikichukua siku tatu. Anayeshuka afungwe kamba kifuani na kupita chini ya makwapa, si kiunoni, na juu wawepo watu wawili wenye nguvu ya kumvuta bila yeye kuwasaidia. Wakubaliane ishara kabla ya kushuka. Asipojibu, anavutwa. Na hili nawaomba mlirudie nyumbani mpaka watoto walizoee: hakuna anayeshuka kumwokoa mtu aliyenyamaza kisimani. Pigeni 114 kwa Zimamoto na Uokoaji, vuteni kamba. Hofu hiyohiyo ipeleke kwenye shimo la choo linalotapishwa, kwenye bani la tumbaku lililofungwa lisipoteze joto, na kwa mlinzi wa tanuri la matofali anayejilaza upande wa moshi kwa sababu ndiko kwenye joto usiku wa Julai.

Huku nyanda za juu tumezoea kuutambua usalama kwa rangi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996, Nduta ikafunguliwa tena 2015, na kila mradi uliokuja nazo ulikuja na fulana zake za chungwa au njano. Ikaja barabara ya lami, na fulana nyingine. Sisemi ni vibaya. Lakini imezaliwa imani kwamba aliyevaa fulana hiyo, rifrekta, amekingwa. Rifrekta inakukinga na kitu kimoja: dereva ambaye hakukuona. Haina habari na mkanda, gesi wala vumbi. Wataalamu hupanga kinga kwa ngazi: kwanza ondoa hatari, usipoweza, badilisha kitu kwa kingine chenye hatari ndogo, kisha izibe, kisha badilisha namna na saa ya kufanya kazi, mwisho kabisa ndipo vaa. Waajiri wengi huanzia mwisho, kwa sababu mwisho unanunulika dukani na unapigwa picha.

Tumbaku inafundisha jambo hili vizuri kuliko semina. Jani bichi lililolowa umande hutoa nikotini, nayo hupenya kwenye ngozi. Mchumaji anayeanza alfajiri, nguo zimelowa hadi kifuani, ifikapo mchana anatapika, kichwa kinazunguka, jasho baridi. Atapelekwa zahanati, atapimwa malaria, kipimo kikatae, na kesho arudi shambani. Kanuni inasema apewe mavazi ya kujikinga, na mwenye shamba mwema atanunua makoti ya mvua. Lakini kanuni inaogopa nini hapa? Majimaji ya jani kwenye ngozi. Kinga kubwa basi ni ya bure: ngoja umande ukauke ndipo mchume. Siku ambayo haiwezekani, koti livaliwe, nguo iliyolowa ibadilishwe palepale, na mikono ioshwe kabla ya kula. Mwambie na mganga kwamba ulikuwa ukichuma tumbaku. Mtoto wa chini ya miaka 18 hatakiwi kwenye kazi za hatari, shambani kama kwingineko, na sioni namna ya kulisoma jani hili lenye umande kama kitu kisicho hatari.

Viuatilifu vina lugha yao ambayo hata asiyejua kusoma anaweza kuielewa. Angalia mstari wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda haina mstari, kwa hiyo haina sheria. Usiinunue.

Kwa akina mama wanaoponda kokoto kando ya barabara: mko ndani ya sheria hata kama hamna bosi, kwa kuwa imewataja pia wanaojiajiri. Mawe mengi ya Buha ni mawe-mchanga, yenye silika nyingi, na vumbi lake laini ambalo hulioni ndilo linaloharibu mapafu na kukaribisha kifua kikuu. Kitambaa puani hakizuii vumbi hilo. Maji yanalizuia zaidi: lowesha rundo la mawe kabla ya kuponda, ukae upande upepo unakotoka, na mtoto asicheze upande unakokwenda. Najua maji yenyewe mnayafuata mbali. Debe moja kwa asubuhi ni bora kuliko hakuna.

Ajali ikishatokea, inaingia sheria nyingine, ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya 2008, na Mfuko wake wa WCF ulioanza kazi 2015. Watu hawaielewi kwa sababu wanaisoma kama kesi. Mfuko hauanzi kwa kuuliza nani alizembea. Unauliza kama uliumia au uliugua kutokana na kazi. Mchango unalipwa na mwajiri, na ni kosa kuukata kwenye mshahara wako. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku saba tangu ajue, na madai yafike ndani ya miezi 12. Hapo ndipo wengi wetu tunaangukia. Kijana anaumia, bosi anamlipia mshono hospitali na kumpa elfu kumi ya soda, wanaelewana kiungwana, mwaka unapita, na mkono haujapona. Uungwana ni mzuri, ila andika. Daftari la shule linatosha: tarehe, saa, kilichotokea, waliokuwepo, sahihi mbili. Hospitalini sema wazi kwamba umeumia kazini, liandikwe kwenye karatasi yako. Karatasi iliyoandikwa "ameanguka" tu haitakusaidia kama ile iliyoandikwa ameanguka wapi na akifanya nini.

Mahali penye wafanyakazi zaidi ya wanne sheria inataka awepo mwakilishi wa usalama na afya, aliyeteuliwa kwa maandishi. Nimekuta saiti ambapo mwakilishi huyo ni mpwa wa mwenye mali, anayekaa ofisini. Mchague anayegusa kazi, na anayeweza kueleza kwa lugha ya watu. Huku vibarua wengi wanafikiri kwa Kiha, na wengine wametoka Burundi na Kirundi chao, lugha mbili zinazosikilizana. Onyo la Kiswahili cha ofisini, au baya zaidi la Kiingereza kwenye bango la mkandarasi, haliwafikii. Na kama unajiuliza kama asiye na kibali naye anastahili kuzibiwa mkanda, jiulize kama mkanda utamwomba kibali.

Ukimwendea mkaguzi wa OSHA au afisa kazi na kumuuliza sheria inasemaje, atakusomea kifungu, na kifungu unacho. Mpelekee hali. Mwambie: tuna shimo la mita kumi na mbili, tunataka kuongeza mita mbili, tuna kamba na watu watatu, tukose nini ndipo utuambie tusimame? Swali la namna hiyo linamlazimisha naye afasiri, na jibu lake liandike mbele yake. Na ukiambiwa ushuke mahali unapoamini kwa sababu za maana kwamba pana kifo, Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unataka anayejiondoa kwenye hatari ya karibu asiadhibiwe. Juni 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliyaingiza mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi zinazozibana nchi wanachama zote. Lakini usitoweke kimyakimya ukajikuta umeandikwa mtoro. Mwambie msimamizi, mbele ya mwenzako mmoja, unaogopa nini na kirekebishwe nini ndipo urudi.

Nilipita tena kwa mzee mwaka jana. Ameshahamia kwenye mota. Kizuizi kipo, cha nondo na wavu, kina bawaba, na hakuna kuku chini yake. Nikaona komeo la kizuizi limefungwa kwa kofuli, na kwenye mkono wa swichi kubwa ukutani pametobolewa tundu la kofuli pia, lakini halina kitu. Nikauliza kofuli la pili liko wapi. Halipo, akasema. Likiwa kwenye kizuizi, mashine inasaga. Anayetaka kufungua kizuizi analitoa pale, anakwenda kuzima, anaifunga swichi kwa kofuli hilohilo, ndipo anarudi na ufagio. Nikamuuliza ni fundi gani aliyemfundisha. Akaniashiria ndani kwa kidevu. Kijana alikuwa anapima debe la mtu, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake, kwenye uzi.